Maji Aliyokunywa Jumbe Mkumba

Siku tuliyomzika Jumbe Mkumba naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka siku niliyoolewa, na hapo usinicheke, mjukuu wangu, maana leo sina moyo wa kuchekwa. Kaa hapo mkekani. Kahawa utakunywa baadaye. Nimekukasirikia, nimekasirika tangu juzi, na sababu utaijua nikifika huko. Lakini nitaanzia ninakotaka mimi, na wewe utasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Tulikuwa tunakaa bondeni, upande huu wa Chumbi, sisi tulioteremka kutoka vilima vya Umatumbi tukichanganyika na wenyeji wa mto, Wandengereko. Mimi nilikuwa mke kijana, mtoto wangu wa kwanza bado yuko mgongoni. Mpunga ulikuwa umeiva. Nusu ya watu walikuwa wamehamia kwenye madungu, vile vibanda vya miti mirefu tunavyojenga shambani, usiku wanakesha kufukuza nguruwe na mchana wanafukuza ndege. Ndipo Jumbe Mkumba akashikwa na homa akafa. Homa tu, mwanangu. Sote tulimwona anavyotetemeka chini ya nguo tatu na jua limewaka, kwa hiyo mtu yeyote asije akakwambia habari nyingine.

Sisemi alikuwa mtu mwema. Ujumbe alipewa na Wadachi, na kazi yake ilikuwa kututoa kwenye mpunga wetu atupeleke kulima pamba ya serikali, na asiyekwenda anachapwa viboko. Tulimchukia kwa hilo. Lakini alikuwa wetu, alizaliwa hapa, na alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana mto mzima: kunywa. Si tembo peke yake. Togwa, uji, mchuzi, maji ya dafu, chochote cha majimaji. Ukimwona anakuja unawahi ndani kuficha mtungi. Watu walisema kiu yake ilizaliwa kabla yake.

Na ukoo wake na ukoo wetu walikuwa watani.

Hapo ndipo ninyi vijana mnapopotea, basi nisikilize. Ninyi mkisikia utani mnadhani ni kule kuchekana barazani, huyu ana kichwa kikubwa, yule ana miguu ya korongo. Utani ninaousema mimi ni kazi. Mtu akifa, ndugu zake wanalia, hawawezi kitu. Mtani ndiye anachimba kaburi. Mtani ndiye anachota maji ya kuoshea maiti. Na jeneza likitoka, mtani ndiye anasimama mbele yake na kuzuia njia, hampiti mpaka nipewe changu, hata kuku, na muda wote huo anamtukana marehemu kwa nguvu zake zote. Wafiwa wanacheka. Wakishacheka wanapata miguu ya kufika kaburini. Mtani akikaa kimya siku hiyo, watu wanaanza kuulizana pembeni huyu ana kinyongo gani na marehemu, mbona hamtukani?

Upande wetu mwenye kazi hiyo alikuwa shangazi yangu, Somoe, dada wa baba. Mwanamke mfupi, mweusi tii, mdomo wake hauna mlango. Siku ile ya Jumbe Mkumba alijifunga kilemba cha marehemu mwenyewe, akajitia mto wa sufi tumboni, akachukua kata ya maji akawa anatembea mbele ya jeneza kwa mwendo wa Jumbe, mguu huku mguu kule, kila hatua anainua kata anajifanya anagugumia. Akaanza kuimba, nasi watu wa ukoo wake tukaitikia. Aliimba Kimatumbi. Wewe Kimatumbi chako ni cha kuombea chumvi tu, kwa hiyo nakupa kwa Kiswahili, na nakupa kwa shingo upande:

Tumemuua sisi, watani zake,
Tumempa maji, akayanywa, akalala;
Na ndugu yake aliyebaki
Tunamngoja hapa hapa njiani.

Umesikia? Maji ni yale ya kuoshea maiti, ambayo sisi watani ndio tuliyachota. Maiti unampa maji aoshwe, yeye anayanywa! Kafa na kiu bado anayo! Na ndugu anayengojwa njiani ni mdogo wake, aliyekuwa anajifanya hamwoni Shangazi ili asitoe kuku. Watu walivunjika mbavu. Mjane wake, Bi Mwajuma, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, alikaa chini akawa anacheka na kulia pamoja, anapiga ardhi kwa kiganja, anasema, "Somoe mwanaharamu wewe, hata leo! Hata leo!" Na alikuwapo kijana mmoja anaitwa Athumani, mkalimani wa bomani. Mama yake alikuwa Mmatumbi kama sisi, kila neno lilimfika. Alicheka mpaka akashika mti, anafuta machozi kwa mkono wa kanzu yake nyeupe. Nilimwona kwa macho yangu haya.

Tukazika. Kuku akatolewa. Shangazi alimla na yule yule mdogo wake marehemu, wakigombea paja.

Haukupita muda, vita vikawaka. Habari za mganga wa kule vilimani na dawa yake ya maji tulikuwa tumezisikia, wengine walipanda kuyafuata, ati mtu akinyunyiziwa risasi za Mdachi zinageuka maji mwilini mwake. Pamba iking'olewa huku, nyumba za maakida zikichomwa kule. Askari wakamwagika bondeni kama nzige, na sisi ambao bado hatujamtupia mtu hata jiwe tukawa hatulali. Neno "maji" likawa neno la kukatia mtu kichwa. Ukimtuma mtoto mtoni unamwambia achukue mtungi, hutaji cha kutia ndani. Ndipo askari mmoja aliyehudhuria maziko, mtu wa mbali asiyejua lugha yetu ila neno moja moja, wala desturi zetu, akakumbuka kwamba mwanamke fulani aliimba kitu na likatajwa neno la maji, na aliyekuwa anazikwa ni jumbe wa serikali.

Walimkuta Shangazi anapura mpunga. Walimchukua na makapi yake kichwani.

Tukaenda bomani: baba yangu, mimi na mtoto mgongoni, na Bi Mwajuma, mjane mwenyewe, aliyetoka eda yake bila kuuliza mtu, akasema akirudi atatubu. Mdachi mwenye boma alikuwa mwembamba, ameketi kwenye baraza ya makuti. Kiswahili alikuwa anakijua, wallahi, kizuri kuliko sisi sote. Kimatumbi hakujua hata kuombea moto. Na Shangazi Somoe hakujua Kiswahili, alijua "chukua" na "leta" na bei ya mchele soko la Mohoro, basi. Kwa hiyo kati yao alisimama Athumani, na kanzu yake ile ile.

Mdachi akauliza, "Wimbo huu uliuimba wewe?"

Athumani akampa kwa Kimatumbi. Shangazi akanyoosha shingo. "Ndiyo, mimi! Kwani yuko mwingine anayeuweza?" Hakuogopa, mwanangu. Mtani hakani wimbo wake. Kukana ni kumvunjia marehemu heshima.

"Sema maneno yake kwa Kiswahili," Mdachi akamwambia Athumani.

Akayasema. Wee! Ungemsikia! Mstari kwa mstari, safi, hakuruka kitu. Tumemuua sisi. Tumempa maji. Akayanywa, akalala. Na aliyebaki tunamngoja njiani. Alisimama wima, macho ameyatupa kwenye makuti ya paa, sauti kavu. Mdachi akaweka kalamu chini. Katika miezi ile, mtu anasema alimpa jumbe maji akafa na anamngoja ndugu yake njiani! Hata mimi, kama nisingezaliwa huku, nywele zingenisimama.

Mimi Kiswahili nilikuwa nacho kidogo, cha sokoni, hakitoshi kueleza desturi. Nikapiga kelele, "Mwambie ni watani! Mwambie ni utani!"

Mdachi akageuka. "Utani ni nini?"

Mwanangu, hapo ndipo palipokuwa mlango. Athumani angeweza kuusukuma kwa kidole kimoja. Akasema, "Ni mzaha, bwana."

"Mzaha," Mdachi akasema. "Wanaua mtu wa serikali na wanafanya mzaha."

Baba yangu akasimama. Alikuwa mtu mpole, ukimkanyaga anakuomba radhi yeye, lakini siku ile alimwambia Athumani kwa Kimatumbi, kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Wewe ulikuwapo. Wewe ulicheka. Mwambie bwana wako ulicheka."

Mdachi akauliza mzee anasema nini. Athumani akajibu, "Anasema mimi nilikuwapo mazikoni, bwana, nilisikia wimbo." Basi. Kicheko akakiacha. Ndiyo, ni kweli baba alisema hivyo! Alisema hivyo na jingine.

Bi Mwajuma naye akapenya katikati ya askari. Alisema kwa Kimatumbi maneno ambayo mpaka leo nayasikia. Alisema, "Mume wangu alikufa kwa homa kifuani pangu. Huyu mwanamke alikuja akamtukana kama inavyopasa, nami nikapata nguvu ya kumzika. Angekuja akalia kwa adabu, hapo ningejiuliza kamlisha nini." Ukiyasikiliza maneno hayo unapata kila kitu. Athumani akayafupisha: "Mjane anasema hana neno na huyu."

Nikaona Shangazi anatuangalia mmoja mmoja, anatabasamu. Alikuwa bado anadhani mambo yanakwenda vizuri. Hakuna aliyemwambia kwa lugha yake kinachosemwa pale.

Walimtia mnyororo wa shingo pamoja na wengine, wakamwongoza njia ya pwani. Hakurudi. Hatujui kama alinyongwa au alikufia njiani na mzigo kichwani. Hatujui kaburi. Baba alikwenda kuuliza mpaka akakatazwa kuuliza.

Tulipokata tamaa tukaweka matanga bila maiti. Sasa fikiri: kwa Shangazi, watani ni ukoo wa Jumbe Mkumba. Kazi ya kumtukana ilikuwa ya Bi Mwajuma. Akaja, maskini, amejifunga kibwebwe, akasimama mlangoni kwetu na kuanza: Somoe mdomo mpana, Somoe mla kuku wa watu, umewakimbia wenye madeni, umekwenda kuwasumbua samaki wa pwani. Hakuna aliyecheka. Hakukuwa na jeneza la kuzuiliwa, wala maji ya kuchota, wala njia ya kwenda kokote. Akaendelea, na kuendelea, sauti ikamkauka, akakaa chini kizingitini. Tukampa uji.

Na Athumani akaja. Alikuja kuhani, mwanangu! Amevua viatu mlangoni! Ami zangu wakainuka na magongo, baba akawaambia wakae. Akamwandalia mahali, akamwekea wali, kisha akasema naye taratibu.

"Athumani, neno hujakosea hata moja, na dada yangu hayupo. Si ungekosea basi! Si ungesahau! Ungesema Kimatumbi cha wanawake kimekushinda, nani angekujua?"

Athumani akasema, "Mjomba, ningesema nilicheka, wangenifunga na mimi."

Baba akamsogezea sahani. "Ndiyo," akamwambia. "Wangekufunga. Kula wali wako, kisha uondoke, na kwangu usije tena."

Hiyo ndiyo hasira niliyorithi mimi. Baba hakupiga mtu, hakutukana. Lakini mimi tangu siku ile sijawahi kumwamini mtu anayejisifu kwamba ametafsiri neno kwa neno.

Sasa nafika kwako. Umeanza kujikuna, eti? Ngoja.

Juzi mlituita Kibiti kwenye sherehe yenu ya kukumbuka vita vile. Mkanikalisha mbele, kwenye kiti, bibi mzee wa enzi za vita, na soda mkanipa. Nikafurahi. Mara mkatoka vijana mmejipaka masizi usoni, mmeshika bunduki za miti, mnakanyaga ardhi kwa hasira, na wewe mbele yao. Mkaimba wimbo uliouokota kwa wazee ukautia Kiswahili: Tumemuua sisi! Tumempa maji, akayanywa, akalala! Uso umeukunja utadhani unataka kupigana na mbingu. Na yule mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba huo ni wimbo wa vita, wa mwanamke shujaa aliyemlisha sumu jumbe msaliti akafa. Watu wakapiga makofi. Kiwanja kizima kilimpigia makofi shangazi yangu kwa mauaji ambayo hakuyafanya!

Halafu ukaja unatiririka jasho, umejaa furaha, ukaniambia, "Bibi, umeona? Nimemtoa Bibi Somoe gizani." Nikakwambia umeuharibu wimbo. Nawe, kwa adabu zako zote, ukaniuliza, "Kwani nimekosea neno gani, Bibi?"

Astaghfirullah! Nilisikia Athumani anaongea kwa mdomo wa mjukuu wangu. Hukukosea neno. Na yeye hakukosea. Yeye alimfanya Shangazi muuaji ili auawe, wewe umemfanya muuaji ili asifiwe, na kati yenu hakuna aliyemsikia mwanamke yule na mto wake wa sufi tumboni, anamfariji mjane. Mdachi nitamsamehe kabla yenu, kwa sababu yeye hakujua. Ninyi wawili mna damu yetu.

Na usiniambie tena ile habari yako ya taifa kutaka mashujaa. Mashujaa wako tele. Waliotoka na mikuki mbele ya bombomu la Mdachi, ile bunduki ya kumimina risasi, walikuwapo, ninaweza kukutajia majina mpaka jua lizame, na nyimbo zao zipo, njoo nikufundishe. Shangazi yangu mwachie ushujaa wake. Kumchekesha mfiwa wakati maiti iko mbele yake, jaribu wewe uone kama ni kazi ya mtu mwoga.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikukatazi kuzitia nyimbo zetu katika Kiswahili. Wajukuu zako hawatajua Kimatumbi, naliona hilo linakuja, na kuliko zipotee kabisa afadhali zivushwe. Lakini kabla hujaugusa wimbo wa mtu, uliza nani anamwimbia nani, na wana undugu gani. Uliza wakati huo mikono yao ilikuwa inafanya nini, inapura, inazika, inamkanda mzazi. Uliza waliosikia walilia au walicheka. Yakishakuingia hayo, ndipo utafute maneno, na yale uliyoulizia uyatie ndani, hata kama mistari minne itakuwa hadithi ya asubuhi nzima. Waache watu wachoke kukaa. Utani usiuite mzaha. Ukikosa neno lake, useme hadharani kwamba huna, useme tulieni niwaeleze. Na ukiona wanaokusikiliza wanataka maneno makavu tu ili wamfunge mtu, au wampambe mtu, funga mdomo wako, useme lugha imekushinda. Aibu yake utaizoea.

Jumamosi utarudi Kibiti, kwenye kiwanja kile kile, kwa kipaza sauti kile kile, useme Somoe hakuua mtu. Useme Jumbe Mkumba alikufa kwa homa. Usimtume mwenzio. Masizi usijipake. Bi Mwajuma alisimama mbele ya askari wenye bunduki akasema lake, wewe hutashindwa na watu wa Kibiti wanaokula karanga.

Haya, sogea nikushike kichwa. Hasira haijaisha, lakini dua haingoji. Mwenyezi Mungu akupe umri. Akupe masikio kabla hajakuongezea ulimi, maana huo tayari unao wa kutosha. Akupe mke mwenye utani na wajukuu wasiokuogopa. Akulinde na mtu atakayeyabeba maneno yako bila wewe. Na siku yako ikifika, baba, akupe watani wenye midomo mibaya, wakuzuilie jeneza njiani, wakutukane mpaka wanao washindwe kusimama kwa kucheka, na asiwepo hapo mtu wa kuwauliza maana yake. Amina.